Msimu wa Mpira wa Uskoti, 2012–13: Mchezo na Hesabu Zake

Mpira wa miguu wajulikana sana katika nchi yetu, wala hapana haja ya kueleza namna unavyochezwa. Mtu apitaye karibu na soko la Mwika jioni ya Jumamosi huwasikia vijana wakishindana kwa maneno juu ya mpira wa Uingereza, na wengine huyajua majina ya wachezaji kumi na mmoja wa timu waipendayo kuliko wanavyoyajua majina ya babu zao. Lakini Uskoti, nchi ndogo ipakanayo na Uingereza upande wa kaskazini, hawaitaji mara nyingi. Hapa twataka kueleza msimu mmoja wa nchi hiyo, ule ulioanza Agosti 2012 ukaisha Mei 2013. Tumeuchagua kwa sababu katika msimu huo kijana wa Nairobi alijipatia sifa mbele ya Ulaya nzima, na katika msimu huo huo klabu iliyokuwa imetwaa ubingwa mara nyingi kuliko zote ilicheza katika daraja la chini kabisa, pamoja na timu za miji midogo, kwa ajili ya madeni. Habari ya kwanza itawafurahisha vijana. Ya pili twawaomba waisome kwa makini wazee, walimu, na wote washikao vitabu vya fedha katika vyama vyetu vya kahawa.

Uskoti ni nchi ya watu milioni 5 na zaidi kidogo, yenye milima, baridi na mvua. Ina sheria zake na mahakama zake, lakini iko chini ya mfalme mmoja na Uingereza, na kodi iliyo kubwa hukusanywa na serikali ya London. Katika mambo ya mpira Waskoti ni watu wa zamani sana. Mechi ya kwanza ya mataifa mawili iliyoandikwa katika vitabu vya mchezo huu ilichezwa Glasgow tarehe 30 Novemba 1872, Uskoti na Uingereza, wakatoka sare bila bao. Wachezaji wote wa Uskoti siku ile walitoka katika klabu moja, Queen's Park, iliyoanzishwa mwaka 1867. Wasemao habari za mpira husema kwamba watu wa Queen's Park ndio waliofundisha wengine kupasiana mpira, maana kabla ya hapo mchezaji aliuchukua mguuni akakimbia nao peke yake mpaka anyang'anywe. Ligi yao ilianza mwaka 1890. Mwisho wa msimu wa kwanza Dumbarton na Rangers walikuwa na pointi 29 kila mmoja; wakacheza mechi ya kuamua, nayo ikaisha 2–2, basi wakapewa ubingwa pamoja. Kumlipa mchezaji mshahara kulikuwa marufuku, ingawa wengi walilipwa kwa siri, hata mwaka 1893 kukaruhusiwa. Tangu hapo mpira wa Uskoti ni kazi ya mshahara, na penye mshahara pana kodi. Neno hilo tutalirudia.

Klabu mbili kubwa za nchi zote mbili ziko katika mji wa Glasgow. Rangers ilianzishwa mwaka 1872. Celtic ilianzishwa mwaka 1887 na mtawa mmoja wa Kikatoliki kutoka Ireland, Bradha Walfrid, ili fedha za viingilio ziwalishe watoto maskini wa mashariki ya mji. Kwa muda mrefu Celtic imekuwa timu ya Wakatoliki wenye asili ya Ireland, na Rangers timu ya Waprotestanti, na ushindani wao umeleta matusi na hata damu. Sisi wa mlimani, ambao babu zetu waligawanywa na misheni, huku Walutheri na kule Wakatoliki, hatuhitaji kuelezwa zaidi. Mshukuru Mungu aliyetujalia kuoana na kuzikana bila kuulizana timu.

Sasa tueleze namna ligi yao ihesabiwavyo, kwa kuwa ina jambo moja la ajabu. Katika msimu ule Ligi Kuu ilikuwa na timu 12. Ashindaye hupata pointi 3, watokao sare hupata pointi 1 kila mmoja, na ashindwaye hapati kitu. Kila timu hukutana na kila mwenzake mara tatu, jumla mechi 33. Hapo ligi hukatwa katikati kama mgomba: timu sita za juu hucheza zenyewe kwa zenyewe mechi 5 zaidi, na sita za chini vivyo hivyo, hata zitimie mechi 38. Baada ya kukatwa, timu ya kundi la chini haiwezi kupanda juu ya timu ya kundi la juu, hata ikipata pointi nyingi kuliko yeye. Mwalimu apendaye aweza kuwapa watoto hesabu hii: mwisho wa msimu ule Dundee United walikuwa na pointi 47, wakawa wa sita, Hibernian walikuwa na pointi 51, na Aberdeen 48, nao wakawa wa saba na wa nane. Mtoto asiyeambiwa habari ya kukatwa kwa ligi atasema karani amekosea, na kwa haki yake.

Twende sasa kwenye madeni.

Rangers walikuwa wamechukua ubingwa wa Uskoti mara 54. Uwanja wao, Ibrox, huchukua watu wapatao 50,000. Lakini kwa miaka mingi walikuwa wakinunua wachezaji wa bei kubwa kuliko mapato yao, na deni lao benki lilikuwa kubwa. Mwezi Mei 2011 mwenye hisa nyingi aliiuza klabu kwa mfanyabiashara mmoja kwa bei ya pauni moja tu. Pauni moja! Bei hiyo haikuwa mzaha. Mnunuzi aliahidi kulipa deni la benki, lililokuwa pauni milioni 18 hivi, na mali yenye deni la namna hiyo huuzwa rahisi. Swali lilikuwa atazitoa wapi fedha. Baadaye ikajulikana kwamba alikuwa amepatana na kampuni nyingine iwape Rangers zaidi ya pauni milioni 20, na badala yake kampuni hiyo ipewe tiketi za misimu ya mbele ambayo haijachezwa bado.

Msomaji wa Mwika atalifahamu jambo hili upesi. Ni mtu aliyeuza kahawa yake ingali maua mtini. Wahaya wa Kagera wana jina lake, huita butura. Mtu ana shida leo, ada ya shule au mgonjwa, basi tajiri humpa fedha kidogo, na mavuno ya mwakani yakawa ya tajiri. Mwaka wa mavuno ukifika, mwenye shamba huchuma, hubeba na kukoboa, lakini fedha si zake, na shida ya mwaka huo itamkuta mikono mitupu. Ndivyo walivyokuwa Rangers: tiketi za watu watakaokuja Ibrox baada ya mwaka na miaka zilikwisha kuliwa na deni la jana.

Jambo la pili ndilo lililowaangusha. Katika nchi ile, kama katika nchi yetu, mwajiri hukata kodi katika mshahara wa mtumishi kabla ya kumpa, kisha huipeleka serikalini. Sisi makarani tuandikao hati za mishahara twajua kwamba fedha ile si ya mwajiri wala si ya mtumishi tena, ni amana. Tangu kuuzwa kwa klabu mwezi Mei 2011, fedha za kodi ya mishahara na ya mauzo hazikupelekwa, na kufika Februari 2012 zilikuwa zimefika pauni milioni 9 hivi. Tarehe 14 Februari 2012 klabu iliwekwa chini ya wasimamizi wa mali ya muflisi, na kwa kanuni za ligi ikakatwa pointi 10. Mnunuzi yule baadaye alishtakiwa kwa udanganyifu katika ununuzi, na mwaka 2017 mahakama ikamwona hana hatia. Yafaa kulisema, maana wapo wanaotaja mashtaka bila kutaja hukumu. Kulikuwa tena na shauri jingine la zamani na Idara ya Kodi, juu ya fedha walizopewa wachezaji kwa miaka mingi kwa jina la mikopo. Shauri hilo lilikwenda kutoka mahakama hii hata ile, na mwezi Julai 2017 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba zilikuwa mshahara na zilipasa kulipiwa kodi.

Wasimamizi walipoandika orodha ya wadai walipata 276. Walikuwamo serikali na kampuni kubwa, zikiwamo klabu nyingine za mpira, lakini alikuwamo pia mwanamke aliyewapaka watoto rangi usoni siku za mechi, naye alidai pauni 40. Nakiri kwamba katika habari hii yote mdai huyu ndiye anipaye kufikiri zaidi. Watu huhesabu hasara ya tajiri kwa mamilioni, wala hawaulizi ni lini mpaka rangi atalipwa zake arobaini.

Dawa ya deni ni kulipa, nao hawakuwa na cha kulipia. Wasimamizi walitaka wadai wakubali sehemu ndogo ya kila pauni, lakini mwezi Juni 2012 Idara ya Kodi ikakataa, na kampuni ya zamani ikawa ya kufilisiwa. Uwanja, jina na mali nyingine vikanunuliwa na kampuni mpya kwa pauni milioni 5 na nusu. Kama klabu ni ile ile au ni nyingine, Waskoti wanabishana mpaka leo, na mgeni mwenye busara akiingia katika nyumba ya kunywea bia huko Glasgow hataligusa swali hilo.

Sasa kampuni mpya iliomba nafasi ya ile ya zamani katika Ligi Kuu. Hapa ndipo msimu ulipoanza kwa kweli, kabla mpira haujapigwa. Kila klabu ilikuwa na kura moja, na kura 8 kati ya 12 zingetosha kuwaingiza. Kwa upande mmoja palikuwa na fedha. Televisheni hulipa hasa kwa ajili ya michezo ya Celtic na Rangers, na Rangers wakija mji mdogo uwanja hujaa. Viongozi wa mpira waliwaonya wenye klabu kwamba Rangers wakitolewa mamilioni yatapotea, na klabu nyingine zitakufa. Kwa upande wa pili palikuwa na kanuni. Klabu ndogo ikifilisika yaanzia chini. Je, kubwa ikifilisika yabaki juu? Wapenzi wa timu nyingi waliandika barua kwamba, Rangers wakirudishwa, wao hawatanunua tiketi za msimu.

Nadhani kila mzee aliyepata kukaa katika baraza la mfereji anajua uzito wa swali hilo. Mfongo una sheria yake: siku ya kuuzibua kila nyumba itoe mtu, na asiyekuja hutozwa faini au hunyimwa zamu ya maji. Kumnyima maji kijana asiye na ng'ombe ni rahisi. Lakini asiyekuja akiwa yeye mwenye shamba kubwa kuliko wote, ambaye hutoa pombe na mbuzi katika sherehe zetu, ambaye watoto wetu hufanya kazi kwake? Hapo baraza hukohoa, na mzee mmoja hukumbuka kwamba ana mgeni nyumbani.

Tarehe 4 Julai 2012 klabu za Ligi Kuu zilikutana. Kumi zilikataa. Kilmarnock hawakupiga kura upande wo wote. Kura ya kukubali ilikuwa moja, ya Rangers wenyewe. Hata hivyo mambo hayakuisha, maana palikuwa na shauri la kuwaweka Daraja la Kwanza, hatua moja tu chini ya Ligi Kuu, ili warudi baada ya mwaka na fedha za televisheni zisipotee. Uamuzi huo ulikuwa wa klabu 30 za madaraja ya chini, nyingi zikiwa klabu ambazo watazamaji wao ni mia chache. Tarehe 13 Julai klabu 25 kati ya hizo 30 zilisema Rangers waanzie Daraja la Tatu, yaani la mwisho. Wengine waliwasifu, wengine walisema ni wivu. Mimi naona kwamba waliopiga kura hizo wengi hawakuwa na akiba, na walijua fedha zitakazopungua ni zao pia.

Nafasi iliyo wazi katika Ligi Kuu walipewa Dundee, wakiwa wamebakiwa na muda usiotimia wiki tatu kabla ya mechi ya kwanza. Mtu aliyepewa mzigo bila kutazamia hana muda wa kufunga kata. Dundee wakawa wa mwisho kwa pointi 30, wakashuka.

Rangers walicheza mechi yao ya kwanza ya Daraja la Tatu tarehe 11 Agosti 2012 huko Peterhead, mji wa wavuvi, wakatoka sare 2–2. Wiki iliyofuata walicheza kwao na East Stirlingshire, wakashinda 5–1, na watazamaji walikuwa 49,118. Hiyo ilikuwa idadi kubwa mno kwa mechi ya ligi ya daraja la nne. Kila walikokwenda, viwanja vidogo havikuwatosha watu. Elgin City waliuza tiketi nyingi kuliko nafasi za uwanja wao, ikabidi mechi iahirishwe. Na tarehe 6 Oktoba walikwenda Stirling Albion, timu iliyokuwa ya mwisho katika daraja la mwisho. Mwalimu wa Stirling hakuwapo uwanjani, kwa kuwa siku hiyo alikuwa akifunga ndoa. Stirling wakashinda 1–0. Twamwombea kwamba zawadi nyingine alizopewa siku ile zilimpendeza nusu ya hiyo.

Hata hivyo Rangers walishindwa mara tatu tu katika mechi 36, wakawa wa kwanza kwa pointi 83, wakapanda daraja moja. Wapenzi wao hawakuwaacha. Kwa wastani watu zaidi ya 40,000 walikuja Ibrox kuitazama timu ya daraja la nne.

Huku juu Celtic walibaki bila mshindani wao wa siku zote. Hapo ndipo tunapofika kwa Victor Wanyama. Alizaliwa Nairobi tarehe 25 Juni 1991. Baba yake, Noah Wanyama, alichezea AFC Leopards na timu ya Kenya. Kaka yake, McDonald Mariga, alikuwa Inter Milan mwaka 2010 walipochukua Kombe la Mabingwa wa Ulaya. Victor alitoka Nairobi akiwa bado kijana mdogo, akacheza Ubelgiji katika klabu ya Beerschot, na mwezi Julai 2011 Celtic wakamnunua kwa pauni 900,000. Alivaa fulana yenye namba 67. Namba hiyo ni ukumbusho wa mwaka 1967, Celtic walipowafunga Inter Milan 2–1 mjini Lisbon na kuwa klabu ya kwanza ya visiwa vile kuchukua Kombe la Ulaya, kwa wachezaji ambao wote walizaliwa ndani ya maili 30 kutoka Glasgow. Kazi yake ilikuwa ya kiungo, mtu wa katikati, avunjaye mashambulio ya adui na kuwapa wenzake mpira. Si kazi ya kuimbiwa nyimbo. Mtu wa kazi hiyo huonekana zaidi siku asipokuwapo.

Katika mashindano ya Ulaya ya msimu ule Celtic walipangwa pamoja na Barcelona ya Hispania, Benfica ya Ureno na Spartak ya Moscow. Tarehe 2 Oktoba waliwafunga Spartak 3–2 huko huko Urusi. Kisha ikaja tarehe 7 Novemba 2012, siku moja baada ya Celtic kuadhimisha miaka 125 tangu kuanzishwa, na Barcelona wakaja Glasgow. Wakati huo wengi waliwahesabu Barcelona kuwa timu bora ya dunia. Kwa saa zetu mechi ilianza saa tano kasorobo usiku, na katika Kenya wengi hawakulala. Dakika ya 21 Celtic walipata kona. Charlie Mulgrew akaupiga mpira juu, na Wanyama, aliyekuwa nyuma ya walinzi, akaruka akautia wavuni kwa kichwa. Alikuwa Mkenya wa kwanza kufunga bao katika mashindano hayo.

Tangu hapo Barcelona waliushika mpira kama mtoto asiyetaka kugawa muwa. Mpira ulikuwa miguuni mwao zaidi ya sehemu nane katika kumi za mchezo wote. Walipiga miti ya goli, na mlinda mlango wa Celtic, Fraser Forster, aliokoa mipira ambayo wengine wasingeiona. Dakika ya 83 kijana wa miaka 18, Tony Watt, aliyekuwa ameingia punde tu, akakimbia peke yake na kufunga la pili. Messi akafunga moja katika dakika za nyongeza, nayo haikutosha. Ikaisha 2–1. Kocha wa vijana asomaye habari hii awaonyeshe wachezaji wake jambo moja: Celtic hawakujaribu kuwa Barcelona. Walijua hawataushika mpira, basi walishika nafasi zao, wakangoja kona na makosa.

Celtic walimaliza wa pili katika kundi kwa pointi 10 wakaingia katika timu 16, na hapo Juventus wa Italia wakawatoa kwa mabao 3–0 na 2–0. Nyumbani walihakikisha ubingwa tarehe 21 Aprili 2013 kwa kuwafunga Inverness 4–1. Mechi walizoshinda ni 24, sare 7, na walizoshindwa 7, jumla pointi 79. Motherwell wakawa wa pili kwa pointi 63. Tarehe 26 Mei wakachukua na Kombe la Uskoti, wakiwafunga Hibernian 3–0.

Lakini mtu asidhani kwamba kwa kukosekana Rangers ligi ilikuwa ya Celtic kutembea tu. Kushindwa mara saba si kidogo kwa bingwa. Kilmarnock waliwafunga kwao Glasgow, Inverness pia. Ross County wa Dingwall, mji mdogo wa kaskazini ambao uwanja wake waweza kuchukua watu wengi kuliko wenyeji wake wote, walikuwa katika Ligi Kuu kwa mara ya kwanza tangu waanzishwe. Nao waliwafunga Celtic 3–2 mwezi Machi 2013 na kumaliza wa tano. Kombe la Ligi lilichukuliwa na St Mirren, waliowatoa Celtic katika nusu fainali na kuwafunga Hearts 3–2 tarehe 17 Machi. Klabu za miji midogo ambazo miaka mingi zilikuwa kama wageni katika karamu ya wawili, mwaka huo zilipata nyama.

Kuhusu fedha, maonyo hayakuwa ya uongo mtupu. Mapato yalipungua, na Dunfermline walianguka katika ufilisi mwezi Aprili 2013. Lakini ligi haikufa, na madaraja yote manne yaliunganishwa chini ya uongozi mmoja mwezi Juni 2013. Tarehe 11 Julai mwaka huo Celtic walimwuza Wanyama kwa klabu ya Southampton ya Uingereza kwa pauni milioni 12 na nusu, bei kubwa kuliko zote zilizokuwa zimelipwa mpaka siku ile kwa klabu ya Uskoti. Mwalimu wa hesabu ana swali jingine hapa, akikumbuka bei waliyomnunulia. Rangers walipanda ngazi kwa ngazi. Walirudi Ligi Kuu mwaka 2016, na mwaka 2021 wakawa mabingwa bila kushindwa katika ligi hata mara moja, kwa pointi 102.

Wa mwisho ni Hearts wa mji wa Edinburgh. Nao walikuwa na madeni. Mwezi Novemba 2012, katikati ya msimu huu tunaoueleza, Idara ya Kodi iliomba klabu ifungwe, na wapenzi wakanunua hisa kwa fedha zao wenyewe, zaidi ya pauni milioni moja, ili isifungwe. Haikutosha. Mwezi Juni 2013 wakafilisika, msimu uliofuata wakaanza na pungufu ya pointi 15, wakashuka daraja. Lakini wapenzi wale walikuwa wameunda chama chao, kila mmoja akitoa fedha kidogo kila mwezi, na kila senti ikiandikwa. Waliendelea hivyo miaka minane, hata tarehe 30 Agosti 2021 hisa nyingi za klabu zikahamishwa kwa jina la chama hicho.